Gari linakata umeme barabarani kisha linapona lenyewe: jinsi ya kulitafuta tatizo hadi ulishike

Gari limezima katikati ya safari. Umekaa pembeni robo saa, umepiga funguo, limewaka kama vile halikuwa na lolote. Kesho unalipeleka kwa fundi umeme, linamngurumia vizuri kabisa, naye anakwambia, "Tubadilishe betri kwanza tuone." Wiki inayofuata ni pampu ya mafuta. Baadaye altaneta (jenereta inayochaji betri) ya mtumba. Fedha imekwisha na gari bado linakata.

Fundi huyo si lazima awe mbaya. Tatizo linalokuja na kuondoka halipimiki likiwa limeondoka. Mita yako itakuonyesha kila kitu ni kizima, na kwa saa ile ni kizima kweli. Kwa hiyo swali la kuanzia si "kipi kimeharibika?" bali "vitu gani vilikufa kwa pamoja?" Vilivyokufa pamoja vina mahali vinapokutana: nguzo moja ya betri, fyuzi moja, rilei moja (swichi inayowashwa kwa umeme), ethi moja (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi na betri). Ukijua orodha ya waliokufa na waliobaki hai, nusu ya kazi imekwisha kabla hujafungua boneti.

Mwongozo huu umelenga zaidi magari ya petroli ya Kijapani yaliyotumika, kama IST, Probox, Premio, Noah, Fit na wenzao, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabara zetu. Njia yenyewe inafaa kwa gari lolote la volti 12.

Likikata ukiwa mwendoni

Usirudishe funguo hadi mwisho. Kwenye magari mengi ya funguo, ukifika kwenye LOCK na kuuchomoa, usukani unajifunga, na gari linalotembea bila usukani ni balaa. Acha funguo kwenye ON. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka, tumia mikono yote miwili. Breki zitakuwa na nguvu ya akiba ya kubonyeza mara moja au mbili, basi bonyeza kwa mkandamizo mmoja usioachia. Ukipiga-piga utaimaliza akiba hiyo na kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Ingia pembeni, washa hazadi, weka pembetatu mbali vya kutosha. Umekata matawi? Ukiondoka yaondoe, na mawe uliyozuia nayo tairi usiyaache barabarani.

Kwenye mteremko mrefu, Kitonga kwa mfano, gari linalokata si la kuendelea kulijaribu. Hilo ni la kuvutwa.

Sekunde chache zinazofaa kuliko mashine yoyote

Kabla hujazima funguo na kabla hujajaribu kuwasha tena, tazama na jaribu vitu hivi. Watu wengi hukimbilia kupiga stata, na wakishafanya hivyo ushahidi wote unapotea.

Bonyeza hazadi. Kanyaga breki, mtu atazame taa za nyuma. Piga honi. Fungua mlango uone taa ya ndani. Vitu hivi kwa kawaida vinalishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupita kwenye swichi ya funguo. Sasa tazama dashibodi, redio na feni ya AC, ambavyo vinapita kwenye swichi.

Kama kila kitu kimekufa, hata hazadi na honi, tatizo liko mwanzoni kabisa: tamino za betri (vibanio vinavyoshika nguzo), fyuzi kuu, au waya wa ethi kutoka betri kwenda bodi na injini.

Kama hazadi na honi ziko hai lakini dashibodi ni giza na redio imekata, mshukiwa ni swichi ya funguo, au waya unaoilisha, au mtu aliyefunga alamu akakata waya hapo.

Kama dashibodi imewaka taa zote nyekundu, ya oili, ya betri na ya cheki injini, redio inaimba, lakini injini imenyamaza, basi umeme mkuu upo. Kilichokufa ni upande wa kuendesha injini: rilei ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme), sensa ya krankshafti (inayohisi mzunguko wa injini), koili (inayotoa cheche), pampu ya mafuta, au ethi ya kontroli boksi (kompyuta ya injini). Hapa dashibodi isikutishe. Taa ya oili na ya betri huwaka kwa injini yoyote iliyosimama na funguo iko ON.

Kama halikukata ghafla bali taa zilififia, waipa zikawa zinajivuta, taa za ABS na usukani zikajitokeza moja baada ya nyingine, ndipo injini ikafa, umekuwa ukiendesha kwa betri peke yake. Altaneta au mkanda wake.

Na kama kilichokufa ni kitu kimoja tu, tuseme indiketa za kushoto au waipa, usihangaike na betri. Fuata saketi hiyo moja.

Kuna jambo lingine la kukumbuka: lilikata vipi? Umeme ukikatika, injini hukatika kama swichi ya taa ya chumbani, mara moja, bila kukohoa. Mafuta yakikosekana, gari huvutavuta, hukwama, huchangamka kidogo, kisha hufa. Na mshale wa RPM: ukiwa bado kwenye gia na gari linatembea, magurudumu yanaizungusha injini. Kama mshale ulianguka hadi sifuri papo hapo ilhali injini bado inazungushwa, kontroli boksi haioni mzunguko au haina umeme. Hiyo inaelekeza kwenye sensa ya krankshafti au umeme wa EFI. Kama ulishuka taratibu pamoja na mwendo, mzunguko ulikuwa unaonekana. Angalia mafuta na koili.

Andika

Daftari au ujumbe wa sauti kwenye simu, chochote. Limekata saa ngapi, injini ilikuwa ya moto kiasi gani, barabara ilikuwa ya lami au rafu, ulikuwa unakata kona, umewasha AC, mvua ilikuwa inanyesha, gari lilikuwa limeoshwa injini siku hiyo, mafuta kwenye tangi yalikuwa kiasi gani. Muhimu kuliko yote: lilipona vipi?

Likipona baada ya kupoa dakika 15 au 20, tafuta kitu kinachokufa kwa joto: sensa ya krankshafti, koili, pampu, rilei yenye lehemu iliyopasuka. Likipona kwa tuta au kwa kufunga mlango kwa nguvu, ni mguso uliolegea, na hapo usimkubali mtu anayetaka kukuuzia kifaa kabla ya kushika nyaya. Likipona kwa kuzima na kuwasha funguo tu, fikiria rilei, swichi ya funguo, au mfumo wa ulinzi wa funguo yenyewe. Likikata tangi likiwa karibu na tupu kwenye joto la mchana, pampu inastahili kutazamwa, maana mafuta yanayoizunguka ndiyo yanayoipoza.

Vifaa

Mita ya dijitali, hata ya bei nafuu. Taa ya kupimia iliyotengenezwa kwa balbu ya breki ya wati 21, nyaya mbili na vibanio. Balbu ndogo tatu za wati 5 na waya mwembamba wa mita kadhaa. Kifaa cha Bluetooth cha kusoma kodi (namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari) kinachoingia kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Msasa laini, brashi ya waya, spana namba 10, fyuzi za akiba.

Kuhusu kifaa cha Bluetooth: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi hiyo hiyo lakini hayaongei lugha ya vifaa hivi vidogo. Kisipounganika, usidhani kontroli boksi imekufa. Tafuta mwenye mashine kubwa inayosoma Toyota au Honda moja kwa moja.

Kwa nini balbu wakati kuna mita? Kwa sababu mita haibebi mzigo. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12.5 bila aibu, lakini ukiuunganisha na balbu ya wati 21 utaona mwanga hafifu kama wa kandili. Waya wa aina hiyo ndio unaozimisha gari.

Nyaya za rangi ya manjano za mifuko ya hewa usizichome wala kuzipima. Nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye Prius, Aqua na haibridi nyingine usiziguse kabisa. Betri kubwa ya Prius nyingi ni ya volti 201.6, na hiyo inaua. Lakini jua pia kwamba haibridi ina betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikichoka gari hutoa visa vya ajabu ambavyo watu hulipia betri kubwa bure.

Betri, tamino na ethi

Hapa ndipo ningemwambia mtu yeyote atumie muda wake mwingi, kwa sababu ndipo tatizo linapopatikana mara nyingi na ndipo mafundi wanapopapita haraka kwa macho.

Betri nyingi za magari madogo ya Kijapani zina nguzo nyembamba: chanya milimita 14.7, hasi milimita 13. Betri nyingine dukani zina nguzo nene, milimita 19.5 na 17.9. Mtu akinunua betri ya nguzo nyembamba kwa gari lenye tamino nene, tamino inacheza. Suluhisho la mtaani unalijua: msumari, kipande cha bati la kopo, au uzi wa shaba uliokunjwa unasindikwa katikati. Gari linawaka, mteja anaondoka. Baada ya miezi, asidi imekula bati, kumebaki unga mweupe na wa kijani, na mguso umebaki kwenye ncha moja. Ukikutana na rafu, cheche ndogo, giza, kisha limerudi. Ukikuta hivyo, nunua tamino ya kipimo sahihi au pete ya risasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha utupe msumari.

Shika tamino uizungushe kwa mkono. Ikisogea hata kidogo, hiyo si ya kuacha. Vua hasi kwanza, kisha chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, piga brashi hadi risasi ing'ae ndani na nje. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi au vaselini juu baada ya kukaza, si kabla. Pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, hewa ya chumvi itakulazimisha urudie kazi hii mara nyingi kuliko aliyeko Dodoma.

Sasa pima volti zinazopotea njiani. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse risasi ya nguzo chanya yenyewe, nyeusi iguse chuma cha tamino hiyo hiyo. Mwenzako apige stata. Inapaswa kuonyesha karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, mguso huo ni mbovu hata kama unang'aa. Fanya hivyo kwa hasi. Kisha toka nguzo hasi hadi chuma kisafi cha injini, wakati wa kupiga stata: ikizidi 0.3, ethi ya injini ina kasoro. Toka nguzo hasi hadi bodi, taa kubwa na feni vikiwa vimewaka: ikizidi 0.1, safisha ethi ya bodi.

Ethi ya injini ina historia yake. Gari likishushwa injini au giaboksi, mkanda ule wa shaba uliosukwa kati ya injini na bodi ndio unaosahaulika juu ya meza. Umeme hautakosa njia. Utapita kwenye kebo ya gia na kwenye ethi nyembamba za sensa. Dalili yake ni vichekesho: unawasha indiketa, mshale wa joto unacheza, unakanyaga breki, redio inakoroma.

Mwisho pima betri yenyewe. Ikiwa imelala usiku mzima, volti 12.6 ni imejaa, 12.2 ni karibu nusu, chini ya 12 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isianguke chini ya 9.6.

Altaneta

Injini ikinguruma, pima kwenye betri: kati ya 13.8 na 14.5 ni kawaida. Washa taa kubwa, AC, feni ya juu, panda hadi RPM 2000. Isishuke chini ya 13.3 hivi. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoipunguza altaneta makusudi ili kuokoa mafuta, na utaona 12.8 ukadhani imekufa. Washa taa kubwa. Volti zikipanda zenyewe, altaneta ni nzima.

Weka mita kwenye volti za AC (mkondo geu, si kiyoyozi), injini ikinguruma na taa zikiwaka. Ikizidi takriban 0.5, diodi za altaneta zimeanza kuvuja, na uchafu huo huichanganya kontroli boksi na kuleta taa za ajabu. Baadhi ya mita za bei ya chini zitakuonyesha karibu 30 hapo; hiyo ni mita inayodanganya, azima nyingine.

Altaneta inayokata na kurudi mara nyingi ina kaboni zilizoisha, au plagi yake ndogo ya nyaya tatu imelegea. Ishike na uitikise injini ikiwa inanguruma, mtu atazame mita. Mkanda wa feni uliolegea hupiga kelele asubuhi na wakati wa mvua.

Na tafadhali, mtu asikuchomolee tamino ya betri injini ikinguruma ili "kupima kama altaneta inachaji". Ilifanya kazi enzi za dainamo. Leo volti zinaruka ghafla bila betri ya kuzimeza, na kontroli boksi ndiyo inayolipa.

Swichi ya funguo, alamu na kifaa cha kufuatilia gari

Injini ikinguruma, ukiwa umesimama nyutro, shika funguo uitikise kushoto na kulia, juu na chini, bila kuizungusha. Ikikata au dashibodi ikapepesa, umempata. Ondoa pia shada la funguo za nyumba, duka na kufuli la geti. Uzito huo unaning'inia kwenye swichi kila tuta. Si jambo dogo. Mwaka 2014 General Motors waliyarudisha magari madogo yapatayo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt yakiwemo, kwa sababu swichi ilikuwa nyepesi kiasi cha kuteleza yenyewe kutoka nafasi ya ON gari likiwa mwendoni. Injini ilizima na mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia uliishia kukubali madai ya vifo 124.

Kwetu, hata hivyo, swichi mara nyingi inasingiziwa. Anayehusika ni alamu. Fungua kifuniko cha chini ya usukani ukamulike kwa tochi. Ukiona tepu nyeusi iliyolegea gundi kwa joto, nyaya zilizosokotwa kwa vidole, na rilei inayoning'inia hewani bila kufungwa popote, simama hapo hapo. Alamu na vifaa vya kufuatilia magari, vikiwemo vile vinavyofungwa na wakopeshaji, vingi hukata waya wa funguo au wa pampu na kuupitisha kwenye rilei ndogo ili gari liweze kuzimwa kwa mbali. Rilei hiyo ya bei ya chini, au msokoto ule, ukichoka, gari linazimika kwa mbali bila mtu kubonyeza. Kuna pia swichi ya kificho aliyoweka mmiliki wa zamani, labda chini ya zulia, ambayo wewe hata hujui ipo.

Kujaribu: rudisha waya wa gari ulivyokuwa kiwandani, ncha kwa ncha, ukiiacha rilei ya alamu nje, kisha endesha siku kadhaa. Kama kifaa ni cha mkopeshaji, waite waliokifunga wafanye mbele yako. Ukikikata mwenyewe utakuwa na kesi nyingine.

Fyuzi na rilei

Fyuzi isiyoungua inaweza kuwa mbovu. Ichomoe uirudishe: inapaswa kuingia kwa ubishi. Ikidondoka ndani kama shilingi kwenye kibubu, meno ya soketi yamepanuka, na kila mtikisiko unakata. Tazama plastiki yake. Ikiwa imeungua pembeni au imegeuka kahawia, mguso ulikuwa unapata moto. Waya wa shaba uliofungwa badala ya fyuzi uondoe leo hii.

Rilei ya EFI na ya pampu: Toyota nyingi zinazo kwenye boksi la karibu na betri au chini ya dashibodi, na mara nyingi ya honi au ya taa inafanana nazo namba kwa namba. Badilishana, kisha endesha. Kama sasa honi ndiyo inayokufa, umepata jibu bila kununua kitu. Injini ikinguruma unaweza pia kugonga kila rilei kwa mpini wa bisibisi, taratibu.

Wenye Honda za miaka ya 1990 wana mgonjwa wao maalumu: rilei kuu iliyoko ndani, upande wa dereva, lehemu yake hupasuka. Gari likikaa juani mchana halishiki, jioni, safi. Ukifungua funguo hadi ON unapaswa kusikia pampu ikilia sekunde mbili. Siku ya ugonjwa haisikiki. Fungua rilei, lehemu upya miguu yote, imekwisha.

Injini inakufa na dashibodi iko hai

Soma kodi kabla mtu hajachomoa betri, maana nyingi hufutika. P0335 ni saketi ya sensa ya krankshafti, P0340 ya kemshafti, P0351 hadi P0354 ni koili, P0562 ni volti za mfumo kuwa chini, U0100 ni kontroli boksi kutosikika kwenye mtandao wa gari. Kodi haisemi "nunua sensa". Inasema saketi: sensa, soketi yake, waya wake, ethi yake. Kodi nyingi za mifumo tofauti kwa wakati mmoja zirudishe mawazo yako kwenye betri na ethi.

Sensa ya krankshafti huketi mahali pa moto, karibu na puli ya mbele au giaboksi. Ikipata joto uzi wake wa ndani hutengana, ikipoa hushikana. Likizima barabarani, na kama sehemu inafikika bila kuungua, mwagia sensa maji kidogo ya baridi kwa uangalifu usilenge ekzosi wala bloku. Likiwaka papo hapo, una hakika ya kutosha kununua mpya. Kagua pia soketi yake: mafuta ya injini yanapenda kupanda ndani.

Koili hubainika kwa injini kumisi kwanza. Lakini kwenye Toyota nyingi kila koili hurudisha taarifa kwa kontroli boksi kupitia waya mmoja unaotumiwa na koili zote, na kasoro ya koili moja au waya huo inaweza kuizima injini nzima.

Mtego wa balbu tatu

Kama umefika hapa na gari bado linakata bila kujitaja, acha kubahatisha, litegee. Chukua balbu tatu za wati 5. Upande mmoja wa kila balbu ufunge kwenye bodi. Upande wa pili uvute waya hadi mahali hapa, ukiweka fyuzi ya ampea 3 pale waya unapoanzia:

Balbu A, kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya funguo, nafasi ya ON.
Balbu B, kwenye fyuzi inayolishwa na rilei ya EFI.
Balbu C, kwenye waya chanya wa pampu ya mafuta.

Zibandike juu ya dashibodi upande wa abiria na uziandike herufi. Abiria ndiye atazame, wewe tazama barabara. Usiunganishe balbu kwenye waya wowote wa sensa. Ni nyaya za nguvu tu.

Likikata: A, B na C zote zimezimika, tatizo ni swichi ya funguo au nyuma yake, na hazadi itakwambia lipi kati ya hayo. A inawaka lakini B na C zimezimika, ni rilei ya EFI, fyuzi yake au ethi inayoiwezesha rilei hiyo kuwaka. A na B zinawaka, C imezimika, ni rilei ya pampu, au kontroli boksi imeacha kuiamuru kwa kuwa haioni mzunguko. Rudi kwenye sensa ya krankshafti. Zote tatu zinawaka na injini imekufa, tazama pampu yenyewe na ethi yake, halafu umeme wa koili. Balbu iliyofifia bila kuzima ina maana yake pia: mguso unakufa taratibu mahali fulani kabla yake.

Kama gari halitaki kukata ukilihitaji, lichokoze. Tikisa mafungu ya nyaya moja moja injini ikinguruma, ukianzia bawaba za milango, chini ya betri, karibu na ekzosi, na mkunjo wa mlango wa nyuma wa Noah au Probox ambako nyaya hukatika ndani ya mpira bila kuonekana. Puliza kikausha nywele juu ya rilei. Nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia, si kwa mashine ya presha.

Fyuzi inayoungua mara moja moja

Hiyo ni shoti inayokuja na kuondoka, na kila fyuzi unayoweka haikuambii kitu. Chomoa fyuzi, weka balbu ya wati 21 mahali pake, mguu kwa mguu. Vifaa vya saketi hiyo vikiwa vimezimwa, shoti ikitokea balbu inawaka kwa mwanga kamili na waya hauungui. Sasa tikisa nyaya kipande kwa kipande. Unapogusa mahali pakali balbu itakuangalia. Mara nyingi ni waya uliosugua kwenye chuma, au uliotafunwa na panya kama gari linalala karibu na ghala au jiko.

Ukishampata

Waya ulioliwa kata hadi ufike kwenye shaba nyekundu. Shaba nyeusi haishiki lehemu. Lehemu, vika mpira unaosinyaa kwa moto, funga waya mahali usipoweza kusugua. Msokoto na tepu ni kukaribisha ugonjwa ule ule. Ethi ikalie chuma kilichokwanguliwa rangi, ikazwe, ndipo ipakwe grisi.

Futa kodi. Endesha katika hali ile ile iliyoandikwa kwenye daftari lako: kama lilikuwa linakata kwenye rafu saa nane mchana na AC imewashwa, kulizungusha mtaani asubuhi hakuthibitishi chochote. Balbu zako tatu ziache hapo hapo hadi uwe umerudia safari hizo za aina moja mara kadhaa bila hata moja kupepesa, kisha ndipo uvue nyaya zake na kurudisha vifuniko.